Geuza TV, Uitazame Shingo

Kabla ya kuuliza bei, geuza TV. Hilo nilifundishwa na fundi mmoja wa Kabanga, wilayani Ngara, siku nilipoingia kibandani mwake kusaka TV za chogo, zile za kizamani zenye mgongo mrefu. Alifungua mfuniko wa nyuma, akapuliza vumbi jekundu, akanionyesha shingo ya kioo, nyembamba kama ya chupa. Ndani yake mlikuwa na doa la rangi ya fedha. "Hii nzima," akasema. Ya pili ilikuwa na doa jeupe, kama maziwa yaliyokaukia kikombeni. Hiyo hakuhangaika hata kuiwasha.

Doa hilo ni bariamu. Kiwandani, bomba la picha likishafyonzwa hewa, bariamu huchomwa ndani yake ili inase gesi iliyobaki. Kioo kikipata ufa, hewa huingia, bariamu huungana nayo na kugeuka nyeupe. Hapo TV imekufa, kwani elektroni zinazorushwa kutoka shingoni hugongana na hewa badala ya kufika kwenye skrini.

Na chogo lenyewe ni la nini? Elektroni huvutwa mbele kwa volti 20,000 na zaidi kwenye TV ya rangi. Njiani hupindwa na koili za shaba zilizovishwa shingoni, zikachora mistari 625, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, picha 25 kila sekunde. Mwali huo wa elektroni ukipindwa lazima upate nafasi ya kwenda kando ndipo ufike pembe zote za skrini. Skrini ikiwa pana, chogo nalo hurefuka.

Koili hizohizo ndizo zinazozimaliza TV hizi. Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, TV nzima haina thamani, shaba ndiyo mali. Shingo huvunjwa kwa nyundo, koili ikang'olewa, na kioo chenye madini ya risasi, yaliyowekwa kuzuia eksirei, hutupwa jalalani. Kwa hiyo msakaji anashindana na nyundo.

Usitarajie kukuta huku kasha la mbao la miaka ya 1960, labda kwa bahati kubwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Majirani walitutangulia: Kenya 1962, Uganda 1963, Burundi 1984. TV iliyotengenezwa kabla ya 1994, ukiikuta Ngara, ina historia ya safari, na mara nyingi safari hiyo inasomeka nyuma yake. Burundi ilirusha rangi kwa mfumo wa Kifaransa, SECAM, sisi tukatumia PAL. TV ya PAL peke yake ikipokea SECAM huonyesha picha isiyo na rangi. Ukiona swichi yenye majina yote mawili, ujue aliyeinunua, au aliyeiuza, aliufikiria mpaka.

Kama lebo yenye mwaka wa kutengenezwa imebanduka, tafuta vipuri vyeusi vyenye miguu mingi kwenye bodi. Vingi vina tarakimu nne: 8912 humaanisha wiki ya 12 ya mwaka 1989. Tafadhali, chomoa waya kwanza, na bado usiguse ule waya mnene unaoingia ubavuni mwa bomba. Chaji hukaa humo hata TV ikiwa imezimwa.

Mimi hupenda zaidi zile ndogo za rangi mbili, nyeusi na nyeupe, zenye tundu la volti 12. Ngara na Biharamulo ziliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, tena mjini tu. Kijijini TV ilikuwa ni betri ya gari, na betri ilifungwa kwenye baiskeli kwenda kuchajiwa.

Fundi aliwasha moja ya hizo. Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia usiku wa Desemba 31, 2012, TV ya namna hii bila king'amuzi haina cha kuonyesha ila chenga. Basi tukatazama chenga. TV za kisasa hukuficha chenga kwa skrini ya bluu. Nyingi ya chenga hizo hutoka kwenye saketi za TV yenyewe, radi na injini za jirani, lakini sehemu ndogo, yapata asilimia moja, ni mabaki ya mwanga uliosambaa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000. Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa Marekani mwaka 1964 kwa antena kubwa, wakashuku hata mavi ya njiwa, na mwaka 1978 wakapewa Tuzo ya Nobel. Ngara tuliuona kwa antena ya waya wa kuanikia nguo.

Mtoto wa fundi akaziba masikio. "Inapiga mluzi," akasema. Mimi sikusikia kitu, wala baba yake. Mistari 625 mara picha 25 ni mitetemo 15,625 kwa sekunde, sauti ambayo masikio ya watu wazima wengi yameshaipoteza.

Niliinunua TV hiyo, nikasafiri nayo hadi Biharamulo nimeipakata kwenye basi, kioo kikiwa kifuani kwangu, maana uzito wote uko mbele. Kila tuta, chogo lilimgonga abiria wa jirani.