Je, Wajua? Mandhari ya Flandria na Mkono Usiojulikana

Je, wajua kwamba kwenye katalogi ya mnada, neno moja mbele ya jina la msanii huweza kuangusha bei ya karatasi ileile? Jina likisimama peke yake, muuzaji anasema ndiye. "Inanasibishwa na": huenda ndiye. "Karakana ya": wasaidizi waliochora chini ya paa lake. "Mfuasi wa": mtu ambaye pengine hakuwahi kumwona. Na "Shule ya Flandria, karne ya 17" ni mahali na wakati tu. Hakuna jina hata moja lililotajwa.

Je, wajua kwamba hata saini haitoshi? Mchoraji Pieter Bruegel Mzee alifariki mwaka 1569. Michoro kadhaa midogo ya mandhari, yenye jina lake na tarehe za 1559 hadi 1562, ilithaminiwa kwa vizazi kuwa kazi yake. Ndipo mtaalamu Mjerumani, Hans Mielke, alipoitambua kuwa ya Jacob Savery, mzaliwa wa Kortrijk. Huyo Jacob alizaliwa karibu mwaka 1565. Tarehe alizoziandika kwa mkono wake zilimtangulia yeye mwenyewe duniani!

Ndugu yake mdogo, Roelandt, aliichora milima ya Tirol kwa ajili ya Kaisari Rudolf II. Michoro yake ya wakulima na ombaomba, yenye majina ya rangi yaliyoandikwa pembeni, nayo ilihesabiwa kuwa ya Bruegel mpaka mwaka 1970.

Karatasi nayo hutoa ushahidi. Enzi hizo ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, na mwenye kinu alishona waya wenye umbo fulani kwenye chekeche lake: chungu, tai, nguzo. Inue karatasi dirishani, umbo lile litatokea katika mwanga. Mwaka 1907 Charles-Moïse Briquet alichapisha zaidi ya alama 16,000 za namna hiyo, na kwa kulinganisha nazo mtu hukaribia mwaka wa kinu. Mandhari za milima zilizopewa Bruegel zilianza kutiliwa shaka kwa sababu hiyo pia: baadhi ziko kwenye karatasi iliyotengenezwa yeye akiwa kaburini.

Je, wajua kwamba wino wa kahawia unaotuvutia leo mara nyingi ulikuwa mweusi? Ulipikwa kwa vinundu vya mwaloni na chumvi ya chuma. Ukizeeka hubadilika rangi, na pengine huila karatasi hadi ikatoboka.

Je, wajua kwamba nchi hii ya Flandria, ya tambarare na mifereji, ndiyo iliyopenda kuchora majabali? Joachim Patinir wa Antwerp aliyapanga nyuma ya watakatifu wadogo kama sisimizi. Mchoraji Albrecht Dürer alihudhuria harusi yake mwaka 1521, na katika shajara yake akamtaja kuwa mchoraji hodari wa mandhari.

Na hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Mwaka 1559 na 1561, mchapishaji Hieronymus Cock wa Antwerp alitoa chapa 44 za vijiji vya Brabant: ghala la nyasi, njia ya matope, kisima, mti mmoja. Hakuna jabali wala mtakatifu. Hakutaja aliyezichora. Toleo la 1601 likamtaja Cornelis Cort. Lile la Amsterdam la 1612 likamtaja Bruegel. Wataalamu leo hawakubali hata mmoja kati ya hao wawili. Wanamwita Bwana wa Mandhari Ndogo, basi, ingawa ni yeye aliyewafundisha wengi kwamba kijiji cha kawaida kinatosha kuwa picha.

Ukikutana mnadani na karatasi inayodaiwa kuwa mchoro wa chapa ya aina hiyo, omba taa na uiweke ubavuni. Ukiona mifereji myembamba ikifuata mistari ya wino, mtu aliikandamiza kwa ncha butu ili kuhamishia picha kwenye bamba la shaba. Kisha ilinganishe na chapa yenyewe: ghala lililo kushoto kwenye mchoro litakuwa kulia, kwa kuwa shaba hugeuza kila kitu kama kioo. Ikiwa ghala liko upande uleule kama kwenye chapa, uliza kwanza kama mtu hakuinakili chapa baadaye.