Nani Alimuua Bi. Stevenson?

Wasikilizaji wapenzi, na ninyi wasomaji mnaoikuta makala hii gazetini baada ya kupita hewani, majuma mawili yaliyopita niliwasimulia kwa ufupi mchezo mmoja wa redio wa Marekani wa zamani. Niliutaja kama mfano tu, nikaendelea na mambo mengine. Kumbe nimechokoza nyuki. Simu zililia mpaka fundi mitambo wetu akaniuliza kama nimetangaza bei mpya ya mafuta. Wengine walitaka kujua mwisho wake, wengine walikuwa na mwisho wao tayari, na wapo waliogombana wao kwa wao hewani, nami nikiwa katikati kama mwamuzi asiye na filimbi. Basi leo naurudia kwa kirefu, pamoja na mkasa uliotokea studio siku ulipotangazwa mara ya kwanza.

Mchezo wenyewe unaitwa Sorry, Wrong Number, yaani "Samahani, umekosea namba". Uliandikwa na Bi. Lucille Fletcher, ukatangazwa na shirika la CBS tarehe 25 Mei 1943 katika kipindi cha Suspense. Kipindi hicho cha michezo ya mashaka na mauaji kilidumu miaka 20, tangu 1942 hadi 1962, na kilitoa michezo zaidi ya 900. Siku zile televisheni ilikuwa bado haijaenea majumbani. Familia ilikaa mbele ya redio jioni, taa zikiwa zimepunguzwa mwanga, na kila mmoja akajichorea nyumba ya muuaji kichwani mwake.

Kisa ni hiki. Bi. Stevenson ni mgonjwa wa kitandani. Usiku ule yuko peke yake ghorofani jijini New York, mtumishi wa nyumba ana siku yake ya mapumziko, na mume hajarudi kutoka ofisini. Anampigia mumewe simu kwa dakika arobaini na tano; laini ina mtu muda wote. Anamwomba opereta amuunganishe. Opereta anaunganisha, lakini badala ya sauti ya mume zinasikika sauti za wanaume wawili wasiojua kwamba wanasikilizwa. Wanapanga kumuua mwanamke. Mteja wao, wanasema, ameshatoa ruhusa. Saa tano usiku mlinzi wa mtaa huenda baa kunywa bia. Saa tano na robo treni hupita darajani, na kelele zake zitaufunika ukelele wa mwanamke huyo. Kisu kitafaa. Wachukue pete, bangili na vito, ionekane ni wizi wa kawaida. Kisha simu inakatika.

Sehemu yote iliyobaki ni mwanamke mmoja na simu yake. Anampigia opereta, na opereta hawezi kuitafuta laini ile. Anapiga polisi, na sajini anayepokea anamsikiliza nusu nusu, maana jiji ni kubwa na maelezo hayana jina wala namba ya nyumba. Inaletwa taarifa ya simu ya maandishi kutoka kwa mume, kwamba amesafiri ghafla kikazi. Anapiga hospitali aletewe muuguzi wa kukaa naye, nao wanasita. Saa inakwenda. Na sisi tunaosikiliza tumeshaelewa, dakika kadhaa kabla yake, ni mwanamke yupi aliyekuwa akizungumzwa.

Aliyeigiza ni Agnes Moorehead, yule yule aliyekuwa mama mzazi katika filamu ya Citizen Kane ya mwaka 1941. Aliubeba mchezo karibu peke yake, akianza na sauti ya mtu aliyezoea kutumikiwa na kumalizia na sauti ambayo siwezi kuieleza kwa maandishi. Aliuigiza tena mara kadhaa katika kipindi hicho hicho, mpaka mwaka 1960.

Sasa nije kwenye maoni yenu.

Kundi la kwanza lilimlaumu Bi. Stevenson mwenyewe. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyesema anasikiliza kwa simu akisubiri abiria, alinieleza wazi: "Kaka, yule mama ana mdomo. Angeongea na watu vizuri wangemsaidia." Hakukosea kumsoma. Tangu dakika ya kwanza mama huyu anafoka, anamkaripia opereta, anajitangazia ugonjwa wake kwa kila anayepokea simu. Tena mwandishi alifanya hivyo kwa makusudi. Bi. Fletcher alisimulia baadaye kwamba wazo lilimjia dukani, alipokuwa akinunua maziwa kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, ambapo bibi mmoja mwenye majivuno alimjia juu kwa sababu ya foleni. Akarudi nyumbani, akamchukua bibi yule, akamweka kitandani na simu mkononi.

Lakini kesho yake alipiga simu dada mmoja ambaye ni muuguzi wa zamu za usiku, nami nikamwachia nafasi ndefu kuliko kawaida. Alisema alimsikia yule kijana na hakulala vizuri. "Mgonjwa anayepiga kelele sana ndiye tunayechelewa kumfikia," alisema. "Unajiambia, huyu ndivyo alivyo, kila siku analalamika. Mimi niliwahi kuchelewa siku moja." Nilimuuliza ilikuwaje. Akasema, "Basi tu, mtangazaji," akanitakia kazi njema, akakata.

Tangu hapo nimeusikiliza mchezo upya mara mbili na nimeusikia tofauti. Hakuna mtu mbaya katika wale aliowapigia. Opereta ana taratibu zake. Sajini Duffy ana kazi nyingine mezani. Hospitali ina upungufu wa wauguzi, ni wakati wa vita. Kila mmoja, ukimchukua peke yake, ana sababu ya kutosha, na karibu kila mmoja anapumua akishaweka mkono wa simu chini. Wauaji walipanga yao kwa mlinzi na treni. Ule uchovu wa watu kumsikiliza mtu msumbufu hawakuupanga, lakini uliwasaidia kuliko hata treni.

Kundi la pili lilikuwa la wapelelezi. Hawa wamenifurahisha sana. Mwalimu mmoja mstaafu aliniandikia barua ya kurasa mbili, kwa wino wa bluu, akihoji jambo ambalo mimi nililipita bila kuliona. Je, laini ziliingiliana kweli? Fikirini, anasema. Bi. Stevenson aliomba namba ya ofisi ya mumewe. Namba hiyo ilikuwa na mtu kwa dakika arobaini na tano. Opereta alipolazimisha kuunganisha, zikasikika sauti za watu wanaozungumza juu ya mteja wao. Kwa nini tuamini kwamba hiyo ilikuwa namba nyingine? Huenda, mwalimu anasema, simu ile ilikwenda pale pale ilipotumwa, na usiku ule hapakuwa na namba iliyokosewa hata moja.

Sisi ambao tumekulia na simu za mezani tunajua laini kuingiliana ni nini. Unampigia shangazi, unasikia mtu anauza magunia ya mchele. Kwa hiyo tulimwamini Bi. Stevenson mara moja. Mwandishi alitegemea uzoefu huo huo wa wasikilizaji wake. Naiunga mkono hoja ya mwalimu, ingawa mchezo wenyewe hauithibitishi wala kuikanusha.

Na hapo ndipo mkasa wa studio unapoingia.

Siku zile michezo iliigizwa moja kwa moja hewani. Kwa kuwa saa za mashariki na magharibi mwa Marekani zinapishana kwa saa tatu, waigizaji walicheza mara mbili, kwanza kwa mashariki, kisha saa chache baadaye kwa magharibi. Usiku ule wa 25 Mei, katika zamu ya mashariki, karibu kabisa na mwisho, mwigizaji mmoja alikosea wakati wa kuingia. Kosa dogo, la sekunde chache. Lakini mwisho wenyewe unategemea sekunde hizo. Treni inapita, ukelele unasikika na kuzimika, polisi wako kwenye laini wakiuliza kuna nini, na sauti ya mwanamume inawajibu kwa upole kwamba samahani, wamekosea namba. Jibu hilo ndilo linalotuambia kwamba mama ameshakufa na muuaji ndiye aliyeshika simu. Likija nje ya wakati wake, unabaki na kelele za treni na watu wasioeleweka.

Basi nusu ya nchi ikalala ikijua kilichotokea, na nusu nyingine ikalala ikiuliza. Maswali yakamiminika CBS. Amekufa? Ameokolewa? Sauti ile ya mwisho ilikuwa ya nani?

Juma lililofuata, tarehe 1 Juni, mtangazaji wa kipindi alilazimika kutoa ufafanuzi. Alieleza kwamba palitokea mkanganyiko studio, kisha akasema wazi kuwa mwanamke yule aliuawa, na aliyemuua ni mtu aliyekodiwa na mumewe. Akaahidi kwamba mchezo utarudiwa, na kweli ulirudiwa tarehe 21 Agosti mwaka huo huo.

Mimi kama mtangazaji namhurumia mwenzangu. Alifanya kazi yake. Lakini tazameni alichokifanya. Wasikilizaji walichochanganyikiwa nacho ni kama mama amekufa. Yeye akawapa na mume juu yake. Katika mchezo, wauaji wanasema "mteja" tu. Safari ya ghafla ya mume, laini yake iliyokuwa na mtu, vito vinavyochukuliwa ili paonekane wizi, hayo yote yanakuelekeza kwake, lakini hakuna anayemtaja kwa jina. Kumtaja ni kazi iliyoachiwa msikilizaji. Ni kazi nzito, maana unajikuta wewe mwenyewe ndiye unayemshtaki mume mbele ya mkeo mliyekaa naye kwenye kochi moja. Mtangazaji akawapunguzia mzigo huo kwa sentensi moja.

Mwaka 1948 ilitengenezwa filamu ya mchezo huu, Barbara Stanwyck akiwa mke na Burt Lancaster akiwa mume. Bi. Fletcher aliandika mwenyewe maandishi ya filamu hiyo, na Stanwyck aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ni filamu nzuri. Hata hivyo inachukua karibu saa moja na nusu kueleza yale ambayo redio iliyaacha: mume alikuwa na shida gani, alidaiwa na nani, walikutanaje yeye na mkewe. Mwishoni mume mwenyewe anapiga simu kumwambia mkewe akimbilie dirishani apige kelele. Ukiitazama unamwelewa kila mtu. Nilipomaliza nililala usingizi mzito, jambo ambalo mchezo wa redio haukuniruhusu.

Msikilizaji mmoja wa Tanga, mzee kwa sauti yake, aliniuliza swali fupi baada ya shikamoo yangu: "Mwanangu, walikamatwa?" Nilimjibu kwamba mchezo wa redio hausemi. Michezo mingi ya aina hii enzi hizo ilihakikisha muuaji anatiwa pingu kabla tangazo la mwisho halijasomwa. Huu haukufanya hivyo. Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Basi wamekwenda nao hivyo hivyo." Nikasema naam, wamekwenda nao.

Kwa wanaotaka kujisikilizia, rekodi ya usiku wa kwanza ipo, na kosa lake limo. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka katika orodha ya rekodi za sauti zinazostahili kuhifadhiwa. Kama mnaweza, sikilizeni hiyo kwanza, kisha mojawapo ya zile za baadaye ambazo hazina kosa, mkiwa mmezima taa.

Nami nina deni langu. Mwaka wangu wa kwanza wa utangazaji, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, tulikuwa tukiigiza mchezo wa mauaji moja kwa moja hewani. Nilipofungua ukurasa wa mwisho, pale jina la muuaji lilipoandikwa, haukuwapo. Tukapiga muziki. Kwa juma zima wasikilizaji waliandika na kupiga simu, na kidogo kidogo wakakubaliana wao kwa wao kwamba aliyeua ni mjomba, wakatoa na ushahidi, na ushahidi wao ulikuwa mzuri kuliko wetu. Ukurasa ule ulionekana baadaye nyuma ya kabati la kanda. Muuaji alikuwa mpishi. Sikuusoma hewani, na mpaka leo sijamwambia mtu.