Kwa nini fomu hufunguka ofisini lakini hukataa kwa mwananchi

Ni siku ya mwisho ya kuomba basari. Mzazi anaingia kwenye saiba sokoni na kumwomba mhudumu amchapishie fomu. Mhudumu anafungua ukurasa wa tangazo na kubofya maneno "Pakua fomu hapa". Kivinjari kinazunguka kwa muda, kisha kinasema ukurasa haupatikani. Mzazi analipia dakika alizotumia, anapanda matatu na kwenda makao makuu ya kaunti kufuata karatasi ambayo ingechapishwa palepale. Anapofika, karani anafungua ukurasa uleule na kubofya kiungo kilekile. Fomu inafunguka mara moja.

Wote wawili wanasema kweli: kiungo kinafanya kazi, na hakifanyi kazi. Kasoro haiko kwa saiba wala kwa mzazi. Iko kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya kiungo. Jambo hili linaweza kuikumba ofisi yoyote ya umma inayotoa huduma kupitia tovuti, na kulizuia si kazi ya wataalamu wa kompyuta peke yao.

Kiungo ni anwani tu

Kiungo hakibebi faili. Hubeba anwani inayokiambia kivinjari, kama vile Chrome au Firefox, mahali pa kuitafuta. Kanuni za kuandika anwani hizo zilitolewa Desemba 1994 katika waraka wa Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, na wenzake wawili. Neno la kwanza la anwani hutaja njia ya kufuata. Likiwa "https", kivinjari huiomba faili kutoka kwa seva kupitia mtandao. Likiwa "file", kivinjari huitafuta ndani ya kompyuta ileile anayotumia msomaji.

Kosa la kwanza hutokea hapo. Karani ana fomu kwenye kompyuta yake. Ananakili anwani kama file:///C:/Basari/fomu.pdf na kuibandika kwenye mfumo. Kwa kila atakayebofya, "C" ni diski ya kompyuta yake mwenyewe, wala si ya karani. Kompyuta ya saiba haina folda hiyo, na simu ya mkononi haina diski ya C kabisa.

Isitoshe, vivinjari vya leo hukataa kufungua faili za ndani ya kompyuta kupitia kiungo kilicho kwenye ukurasa wa intaneti. Mara nyingi mtu hubofya na asione chochote kikitendeka. Katazo hilo ni la usalama, kwa kuwa tovuti ya mtu mwenye nia mbaya haifai kupewa nafasi ya kugusa faili zilizo kwenye kompyuta ya mgeni wake.

Mtandao wa ndani ya ofisi

Kosa la pili ndilo lililomsafirisha mzazi wetu. Fomu iliwekwa kwenye seva ya ofisi, na kiungo kikaandikwa hivi: http://192.168.1.10/basari/fomu.pdf. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani pekee, iwe ni ofisini, shuleni au nyumbani. Mitandao isiyohesabika hutumia namba hizohizo. Ni kama kumwambia mgeni "njoo chumba namba 10" bila kumtajia jengo. Ndani ya ofisi kila mtu anajua jengo ni lipi. Kule saiba, namba hiyo huenda ikawa ya printa yao, au isiwe ya kifaa chochote.

Faili iliyokusudiwa kwa umma hupakiwa kwenye seva ya tovuti yenyewe, na kiungo chake huanza na https na jina kamili la tovuti. Majina ya faili nayo yaandikwe kwa uangalifu. Kwenye seva nyingi zinazotumia Linux, "Fomu.pdf" na "fomu.pdf" ni faili mbili tofauti, ilhali kompyuta ya Windows huzichukulia kuwa moja. Nafasi kati ya maneno pia huleta shida: kiungo kikitumwa kwa WhatsApp, huweza kukatika kwenye nafasi hiyo. Jina kama fomu-ya-basari.pdf, lenye herufi ndogo na vistari, halina taabu.

Faili zilizo kwenye tovuti nyingine

Wakati mwingine nyaraka huhifadhiwa mbali, kwa mfano kwenye Google Drive au kwenye tovuti ya idara nyingine. Hapa kuna hatari mbili zinazovutana. Ruhusa ikibanwa mno, mwananchi huambiwa aombe kibali kwa mwenye faili, na mwenye faili huenda yuko likizoni. Ikilegezwa mno, yeyote mwenye kiungo anaweza kuisoma.

Kwa fomu tupu au tangazo la zabuni, kusomwa na kila mtu ndilo lengo. Kwa orodha ya waombaji wa basari yenye majina, namba za vitambulisho na hali ya familia, hilo ni kosa linaloweza kuwaumiza watoto wa watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazitaka ofisi zinazoshika taarifa za watu binafsi kuzilinda. Faili za aina hiyo hazistahili kiungo cha wazi. Mfumo wenyewe ndio unaopaswa kuzitoa, baada ya kuthibitisha kila mara ni nani anayeomba na kama ana haki ya kuziona. Kuficha anwani hakutoshi. Mtu akiona anwani yake inaishia na 151, hakuna kinachomzuia kujaribu 152.

Faili ya mbali pia huweza kuhamishwa au kubadilishwa bila taarifa, na msomaji akakutana na namba 404, yaani kitu hakikupatikana. Ndiyo maana ni afadhali hati muhimu ya kaunti ikae kwenye tovuti ya kaunti. Anwani yake isibadilishwe ovyo, kwani tayari imo kwenye simu za watu, kwenye vikundi vya wadi na kwenye matangazo yaliyobandikwa kwa chifu. Hati ikilazimika kuhama, anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya.

Jaribio la dakika mbili

Kabla ya kutangaza, afisa anashauriwa achukue simu, azime Wi-Fi ya ofisi, atumie data ya kawaida na afungue kiungo katika hali fiche ya kivinjari, ambako hajaingia kwenye akaunti yoyote. Hapo atakuwa amesimama mahali anaposimama mwananchi. Kiungo kikifunguka hapo, kuna tumaini kuwa kitafunguka Sokoni na vijijini pia.

Haki ya mwananchi

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kwa mtu aliyekosa fomu siku ya mwisho, kiungo kisichofunguka ni sawa na mlango wa ofisi uliofungwa.

Mwananchi akikwama anashauriwa apige picha ya skrini inayoonyesha anwani, ujumbe uliotokea na tarehe, kisha aipeleke kwa idara husika au kwa ofisi ya wadi. Picha hiyo humwonyesha fundi moja kwa moja mahali pa kurekebisha, na huwa ushahidi kwamba mwombaji alijaribu kabla ya muda kwisha. Hati ikiendelea kukosekana, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu kuiomba kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisa anatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Asiyeweza kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa kuwasilisha ombi lake.