Gavana aliyetoka shambani

ANAYELETA magunia yake mpakani anajua kuwa bei haipangwi na aliyelima. Inapangwa na mwenye mizani na mwenye ghala. Huyo ndiye anayesema mzigo huu ni daraja la pili, ule una unyevu, kisha anataka na lumbesa.

Wakulima wa ngano wa North Dakota, jimbo la Marekani linalopakana na Kanada, walikuwa na kilio hichohicho mwanzoni mwa karne ya 20. Vinu na soko la nafaka vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Minneapolis, katika jimbo jirani la Minnesota. Mtaalamu wa chuo cha kilimo cha North Dakota, Edwin Ladd, alipima ngano iliyonunuliwa kwa daraja la chini kabisa, akaonyesha kuwa inatoa unga mzuri wa mkate.

Mwaka 1915 Arthur Townley, mkulima aliyefilisika, alianzisha umoja wa wakulima ulioitwa Nonpartisan League. Wahamasishaji wake walizunguka mashambani kwa magari ya Ford wakiandikisha wanachama na kukusanya ada. Walitaka jimbo lenyewe limiliki maghala, kinu na benki.

Mwaka uliofuata walihitaji mgombea wa ugavana. Wakamchukua Lynn Frazier, mkulima wa Hoople, ambaye nje ya eneo lake wachache walimjua. Alikuwa amefundisha shule, akahitimu chuo kikuu mwaka 1901, kisha akarudi nyumbani kulima. Alishinda mchujo ndani ya chama cha Republican, na Novemba 1916 akapata karibu kura 4 katika kila 5.

Mwaka 1919 bunge la jimbo lilipitisha sheria za kuanzisha Benki ya North Dakota, kwa mtaji wa dola milioni 2, pamoja na kinu na ghala la nafaka la serikali. Benki ilifunguliwa Julai mwaka huo.

Kisha mambo yakageuka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya ngano iliporomoka, benki ndogo za vijijini zikaanza kufungwa, na benki ya jimbo ikapata taabu kuuza hati zake za mkopo. Wapinzani wakapata la kusema. Oktoba 28, 1921, wananchi walipiga kura ya kumwondoa gavana kabla ya muda wake, na Frazier akashindwa kwa kura zipatazo 4,000. Alikuwa gavana wa kwanza wa Marekani kuondolewa kwa njia hiyo. Wa pili, Gray Davis wa California, aliondolewa mwaka 2003.

Hata hivyo, siku hiyohiyo wapiga kura haohao walikataa pendekezo la kuifuta benki. Walimtoa mpangaji, nyumba wakaiacha imesimama. Mwaka 1922 kinu kilianza kusaga mjini Grand Forks, na Frazier akachaguliwa kuingia Seneti ya Marekani, alikokaa hadi 1941.

Huko, mwaka 1934, yeye na William Lemke, aliyekuwa mwanasheria mkuu wake na aliyeondolewa pamoja naye, walifanikisha sheria ya kumlinda mkulima mwenye deni asinyang'anywe shamba. Mahakama ya juu ya nchi iliibatilisha mwaka 1935. Wakaiandika upya, na mwaka 1937 mahakama hiyohiyo ikaikubali.

Frazier alifariki mwaka 1947. Benki na kinu vinafanya kazi hadi leo.

Sisi tuliorudi nyumbani, kila uchaguzi ukija tunauliza nani atapata kiti na ni wa upande gani. Tungemuuliza mgombea na swali la wakulima wale: siku ukiondoka, mizani itabaki mikononi mwa nani?