Hamaki Isiyo na Breki

Mtaani kwetu majina hayaishi. Msichana akivunja simu kwa sababu mchumba amechelewa kumjibu, ataambiwa ana kichwa moto. Kijana akiacha kazi asubuhi na jioni akalia kwa majuto, ataambiwa hana subira. Akijikata mkono kwa wembe, hapo watu hunong'ona majini, na safari ya kwa mganga huanza. Miongoni mwao wamo wenye maradhi ya haiba ambayo madaktari wa akili huyaita bodalaini.

Neno hilo maana yake ni mpakani. Daktari Adolf Stern wa Marekani alilitumia mwaka 1938 kwa wagonjwa ambao hawakuwa wazimu, wala hawakuwa na wasiwasi wa kawaida tu. Mimi jina hilo silipendi, halimwambii mgonjwa chochote, lakini ndilo lililopo. Dalili zake ni hofu kubwa ya kuachwa, mapenzi yanayogeuka chuki kwa siku moja, kujihisi mtupu moyoni, kujidhuru, na papara: kutumia pesa ovyo, mihadarati, kuendesha gari kwa fujo.

Tuitazame hiyo papara. Ndani kabisa ya ubongo, kulia na kushoto, kuna visehemu viwili vyenye umbo la lozi. Huitwa amigdala, neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya lozi. Kazi yake ni kupiga king'ora kukiwa na hatari. Nyuma ya kipaji cha uso kuna sehemu nyingine inayouliza: nikifanya hivi, kesho itakuwaje? Hiyo ndiyo breki.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaonyesha wagonjwa wa bodalaini picha za nyuso huku wakipima ubongo wao. Amigdala zao zilichemka kuliko za watu wengine, na baadhi yao waliuona hata uso usio na hasira wala furaha kuwa wa kutisha. Fikiria kuishi hivyo: mume amerudi amechoka, amenyamaza tu, na mke ameshasoma talaka usoni mwake. Tafiti nyingine zimekuta breki ya mbele ikifanya kazi kwa udhaifu wakati huo huo wa king'ora.

Hapa ndipo familia nyingi hupotea. "Mbona kazini ametulia? Anajifanya huyu!" Hajifanyi. Wengi wao wakiwa na utulivu hupanga mambo vizuri kama wewe na mimi. Breki huachia pale moyo unapojeruhiwa, na anayeweza kuujeruhi zaidi ni yule wa nyumbani. Kwa hivyo nyinyi mnaona moto ambao bosi wake hajauona.

Chanzo si kimoja. Kurithi kunachangia, na mateso ya utotoni yanachangia, ingawa wapo wagonjwa ambao hawakuteswa na mtu. Na asikutoze mtu pesa za picha ya kichwa ili akuthibitishie bodalaini: tofauti hizi huonekana kwa makundi ya watu, haziwezi kumtambua mgonjwa mmoja. Daktari huitambua kwa mazungumzo marefu.

Hakuna kidonge cha kuiponya. Linalosaidia zaidi ni mafunzo ya kuzuia hisia, kama yale ya Marsha Linehan wa Marekani, ambaye utafiti wake wa 1991 ulionyesha wagonjwa wakipunguza kujidhuru. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulazwa hospitali ya akili akiwa msichana. Katika mafunzo yake mna kutia uso kwenye maji baridi, kwani hupunguza mapigo ya moyo. Sisi tumefundishwa zamani kwamba mwenye hasira atawadhe, na akiwa amesimama akae. Kisomo kiendelee, na daktari aonwe pia. Sioni ugomvi baina yao.

Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha akili. Na anayeogopa kumpeleka mwanawe aliyejaribu kujiua kwa kuhofia polisi, ajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya mtu kama huyo mhalifu, kinakiuka katiba.