MIPAKA YA ARDHI NA HAKI YA JIRANI



Wapenzi wanafunzi na wazazi,

Tulipoanza kujenga choo kipya cha madrasa yetu, jirani yetu, mama mtu mzima, alikuja akatuambia kwa upole: "Walimu, msingi huo umeingia kwangu." Tulikasirika. Ua wa minyaa si tuliukuta pale pale? Wazee walipotupimia mbele yake, ilibainika kuwa ua ulisogea hatua mbili ndani ya kiwanja chake, kidogo kidogo kila ulipopandwa upya. Tulivunja msingi, tukamwomba radhi. Saruji iliyopotea ilituuma, lakini tungewasomeshaje watoto Qur-an huku tumekalia haki ya mtu?

Uislamu umelikemea sana jambo hili. Katika hadithi ya Said bin Zayd (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameonya kuwa mwenye kudhulumu ardhi hata shibiri moja atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Aidha, katika hadithi ya Ali (R.A.) iliyomo katika Muslim, amelaaniwa mwenye kubadilisha alama za mipaka. Basi kung'oa kigingi usiku si ujanja, ni kujitafutia laana.

Ukitokea mgogoro, tufuate hatua hizi:

1. Kuzungumza. Mwendee jirani yako hasira zikiisha, wala usiende na panga mkononi. Huenda naye hajui kuwa amevuka mpaka.

2. Kutafuta ushahidi. Waulizwe wazee waliokuwapo shamba lilipogawanywa. Itazamwe miti ya mpaka, hati na bikoni kama eneo limepimwa. Mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi.

3. Kusuluhishwa. Allah (S.W.) ametufunza katika Suratun Nisaa (4:128) kuwa suluhu ni bora. Aitwe sheikh au mzee anayekubaliwa na pande zote mbili. Mkikubaliana, andikeni na mtie saini mbele ya mashahidi, maana wazee hufa na minyaa hukauka.

4. Kwenda kwenye vyombo vya sheria. Hapa Tanzania, kijijini lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, wakiwemo wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, halitoi tena hukumu bali linasuluhisha ndani ya siku 30. Likishindwa, hutoa uthibitisho, ndipo shauri lipelekwe Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Huko nako tumche Allah. Suratul Baqarah (2:188) imekataza kuwapelekea mahakimu mali ili tule haki za watu. Na Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa anayeshinda kesi kwa ufasaha wa maneno tu, huku haki si yake, amekatiwa kipande cha moto.

Nanyi wanafunzi, ugomvi wa mipaka msiurithi. Wazazi wenu wakikorofishana, ninyi endeleeni kutoleana salamu na kukaa mkeka mmoja. Mpaka hutenganisha mashamba, hautenganishi ndugu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuepushe na dhulma na atujaalie kuwa majirani wema. Amin.

Wabillahi Tawfiq.