Rangi mbili, ukuta mmoja

Kwa majuma mawili nyumba yangu iligawanyika kambi mbili kwa sababu ya kopo la rangi. Mama mzazi, aliyekuwa akiishi peke yake mashambani, alikuwa anahamia kwetu, nasi tukaazimia kumpakia rangi kile chumba cha nyuma. Mke wangu alitaka nyeupe pe, akidai kwamba chumba chenye dirisha moja chahitaji kila chembe ya mwanga. Mimi nilishikilia krimu, kwani kuta nyeupe huonyesha kila alama ya kidole, tena hunikumbusha wodi ya hospitali.

Fundi, mwenye hekima kutushinda, alikataa kuamua. Alipaka miraba miwili ukutani, mmoja wa kila rangi, akatusihi tuitazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ikiwaka. Kwa hakika tulistaajabu. Chini ya balbu ya mwanga wa manjano, ile nyeupe iligeuka krimu, nayo krimu ikawa kama siagi. Wala rangi mbichi si rangi iliyokauka. Anayeamua kwa kuchungulia kopo hujidanganya.

Jumapili mama akawasili. Tulimpeleka mbele ya ukuta, kila mmoja akingojea ushindi wake. Mama alikaza macho, kisha akauliza, "Mwanangu, hizo si rangi moja?" Akaanza kupapasa ukuta akitafuta swichi, ambayo nayo ni nyeupe.

Nilishikwa na haya. Mama ana mtoto wa jicho. Maradhi hayo hutia ukungu katika lenzi ya jicho na mara nyingi huifanya iwe ya manjano, hata rangi hafifu zisitofautike. Na mwanga mkali unaoakisiwa na ukuta mweupe humsumbua mgonjwa. Kwake, tofauti tuliyoigombania haikuwapo. Tofauti aliyoihitaji ni ile ya ukuta na swichi, ukuta na mlango, na hiyo hatukuifikiria kamwe.

Tumepaka krimu, lakini sidai ushindi. Mlango umepakwa buluu iliyokoza, na ukutani kuizunguka swichi vivyo hivyo. Daktari wa macho naye tutamwona, maana mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Je, ni wangapi kati yetu tunaowapambia wazee wetu vyumba bila kuwauliza wanaona nini?